Ukuta Nyuma ya Mlango

Mtaa mzima ulimwita Mama Brashi. Mumewe alipofariki alirithi brashi zake na ngazi yake, na wale wale waliosema mwanamke hapandi ngazi walikuja kumwita wenyewe walipoona kuta zake.

Sebule ya muuza vipuri aliipaka kwa makubaliano ya mdomo tu: rangi ipigwe mikono miwili, yaani matabaka mawili, na bei ikatajwa mbele ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyemtafutia kazi ile. Lakini ukuta wa zamani ulikuwa wa bluu iliyokolea, nayo ikawa inachungulia chini ya krimu. Mwenye nyumba, yule muuza vipuri, alikuwa safarini. Mama Brashi akapiga mkono wa tatu bila kuuliza. Kuacha kazi yenye madoa kulimshinda.

Aliporudi na kusikia malipo anayodaiwa, mwenye nyumba alikuja juu. Walipatana miwili, huo wa tatu ni wizi. Shemeji akadakia kwamba ni kweli, miwili aliisikia kwa masikio yake, kisha akakumbuka yuko upande wa nani, akaanza kukohoa.

"Kohoa taratibu, shemeji, utabandua rangi," alisema Mama Brashi. Lakini lile neno wizi lilikuwa jambo jingine. Pesa angeweza kuzikosa. Jina likichafuka halina msasa.

Alisukuma mlango wa sebule ukafungwa, akawaonyesha ukuta uliojificha nyuma yake. Hapo, kama marehemu alivyomfundisha, huacha kipande kisichomalizwa mpaka hesabu iishe: bluu tupu, kando yake mkono wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Wa pili ulikuwa bado una kivuli cha bluu, kama jicho lililopigwa ngumi.

Mwenye nyumba alipitisha kidole polepole. "Huu wa pili ningeukataa, mama," alikiri.

"Ungeukataa. Ila na mimi nina kosa: namba yako ninayo, sikukupigia. Nilipe rangi ya huo wa tatu, jasho langu nakuachia. Lakini lile neno ulilolisema mbele ya shemeji yangu, lifute mbele yake."

Akalifuta, kwa sauti ya kusikika, na kumwita fundi.

Mama Brashi akachovya brashi, akakipaka kile kipande. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo wima, akisubiri kikauke. Pale palipokuwa bluu tupu palikuwa bado panadai mikono miwili.