Sanduku la Bibi Desanka

Khamisa Mwadini alifundisha Kiswahili miaka kumi na miwili katika shule ya sekondari Tanga, na wanafunzi wake walimjua kwa swali moja: neno hili limetoka wapi? Alipomfuata mumewe Suhaib huko Sydney, Australia, vyeti vyake havikumfaa kitu. Akasoma kozi fupi, akawa mtunzaji katika nyumba moja ya wazee mtaani Fairfield. Wazee walimpenda kwa wepesi wake, ila yeye alimwambia Suhaib kwamba mikono yake ina kazi na kichwa chake kimekaa bure.

Julai 2021 mji ulifungwa tena kwa sababu ya korona. Wageni walikatazwa kuingia kwa wazee, na wafanyakazi wengi wakatengwa majumbani mwao. Khamisa akahamishiwa upande wa nyuma, asikomjua mtu. Huko ndiko alikokutana na Bibi Desanka.

Desanka alikuwa Mserbia wa miaka themanini na minane. Alikuja Australia akiwa msichana, akafanya kazi kiwandani, akajifunza Kiingereza cha kumtosha. Sasa ugonjwa wa usahaulifu ulikuwa umemnyang'anya Kiingereza chote, akabaki na lugha ya kwao, na katika lugha hiyo neno moja alilolirudia kutwa nzima. Wafanyakazi walisikia "sandwichi." Wakamletea mkate wa jibini, wa mayai, wa kuku. Akausukuma. Wakauleta tena, akautupa. Kwenye faili lake ikaandikwa kwamba anakataa chakula na ana hasira, na daktari akamwongezea dawa ya kumtuliza.

Khamisa naye alimpelekea mkate, wiki mbili nzima. Alikuwa na barakoa mdomoni, ngao ya plastiki usoni na wazee kumi na sita wa kuosha na kulisha. Alisikia kile alichoambiwa na wenzake kwamba atasikia.

Siku moja ngao ikajaa mvuke, akaivua aifute. Bibi akalisema neno lake polepole, akimtazama machoni. Sanduk.

"Sanduku?" Khamisa akauliza, akafanya kwa mikono kama mtu anayefunua kifuniko.

Bibi akamshika kiganja, asikiachie. Machozi yakamtoka bila sauti.

Mchana huo Khamisa akampigia simu mwana wa pekee wa Desanka, Milorad, fundi wa magari aliyekaa Ingleburn. Akamtajia neno lile.

"Kila Jumapili huniambia hivyo kwenye simu," Milorad akasema. "Kwetu sanduk ni la nguo, na ni la maiti pia. Nilidhani anaomba kufa. Nikawa nageuza mazungumzo."

Kumbe lilikuwapo sanduku la mbao nyeusi, ambalo mama yake alikuja nalo kwa meli, na sasa lilikaa gerejini kwake chini ya matairi. Ndani yake, kwa desturi ya wanawake wa kijiji chao, alikuwa amejiwekea nguo za kuzikiwa. Neno lenyewe, alisema Milorad, waliachiwa na Waturuki waliowatawala. Wabulgaria wanalo, na Mrusi mmoja aliyefanya naye kazi alikuwa akisema sunduk. Khamisa akamwambia kwamba Waturuki nao walilitoa kwa Waarabu, na watu wa pwani ya kwao vilevile. Kwao pia sanduku hubeba nguo za bibi harusi, hubeba kura, hubeba maiti. Milorad akacheka kidogo, kisha akalia.

Kesho yake akalileta hadi getini. Cheryl, muuguzi mkuu wa zamu, Mkenya, akalipokea na kuliweka stoo. Chochote cha nguo kutoka nje kilipaswa kukaa huko siku tatu. Khamisa akamsihi.

"Dada Khamisa, hiyo sheria si yangu," Cheryl akasema. "Nikikosea hapa, wazee watakufa."

Khamisa akarudi kwa wazee wake. Akangoja.

Siku ya nne sanduku likafunguliwa kando ya kitanda. Lilikuwa na gauni jeusi, kitambaa cha kichwa, soksi za sufu, taulo iliyotariziwa, mshumaa wa nta, na kifurushi cha mrehani uliokauka. Desanka alivigusa kimoja kimoja, akivitaja, na Khamisa akayarudia majina nyuma yake kama mwanafunzi. Kisha bibi akafunga kifuniko mwenyewe. Jioni hiyo alimaliza supu yote.

Aliishi hivyo siku kumi na moja, dawa imepunguzwa. Kisha korona ikaingia nyumba ile. Desanka alikufa siku ya tano ya ugonjwa, mwanawe akiwa amesimama bustanini, akimtazama kupitia kioo cha dirisha.

Maiti wa korona alitiwa ndani ya mfuko, na mfuko haukufunguliwa tena. Hakuvalishwa nguo. Khamisa, ambaye sasa naye alikuwa ametengwa nyumbani, akampigia mtu wa mazishi na kumweleza habari za zile nguo. Yule bwana akafikiri, halafu akasema atazitandika juu ya mfuko, ndani ya jeneza: gauni kifuani, kitambaa upande wa kichwa, soksi miguuni.

Waliruhusiwa watu kumi tu. Khamisa alitazama mazishi kwa simu, chumbani peke yake. Binti yake Alya akamuuliza kwa Kiingereza, kutoka nyuma ya mlango, mbona analia, kwani alikuwa ndugu yao?

"Hapana, mwanangu. Nilichelewa kumsikia."

Aliporudi kazini akaomba ruhusa ya kuwapigia simu jamaa za kila mzee. Akaandika maneno thelathini ya lugha ya kila mmoja, akabandika karatasi ukutani juu ya kitanda: maji, maumivu, choo, baridi, mama. Karatasi moja haikujaa. Ilikuwa ya mzee wa chumba cha mwisho, asiye na ndugu, ambaye faili lake lilisema tu ametoka Ulaya. Kila zamu Khamisa aliketi naye, akimwonyesha kikombe, dirisha, mkono. Mzee huyo alikufa Februari, karatasi yake ikiwa na maneno manne.