Mjomba Vumbi aacha gari la mbio ili mwali aonekane

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, mtaa mzima wa nyuma ya soko la Nachingwea umeshajua kwamba Mahamudu Awadhi anasafiri. Hajamuaga mtu. Anakunja paa la gari, basi.

Anafungua mikanda mmoja mmoja, analivuta turubai la kijani kwenda nyuma, analikunja mara tatu kama mkeka na kulifunga kwa kamba. Suzuki ndogo inabaki wazi, viti nje, usukani nje. Watoto waliokuwa wanasubiri hatua hiyo wanapiga makofi.

"Imevua kofia!" anapaza sauti mmoja wao.

Mahamudu anacheka hadi machozi yanamlenga. Ana miaka 41, ni fundi magari tangu ujana wake, na leo amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikono haijui iishike wapi.

"Umeona?" anamwambia mwandishi. "Dakika mbili tu, mtu aliyekaa ndani anaonekana kuanzia kisigino. Jua likizidi narudisha. Mvua ikija narudisha. Ile nyingine ingeyaweza haya?"

"Ile nyingine" ni Subaru ya mbio. Wakazi wengi wa Nachingwea waliijua kwa mlio kabla ya kuiona. Mahamudu aliinunua ikiwa mzoga, akaijenga kwa miaka minne. Aling'oa viti vya nyuma, akang'oa redio na kiyoyozi, akaishusha hadi tumbo likawa linanusa ardhi. Ndani alichomelea kizimba cha mabomba ya chuma ili ikipinduka, dereva atoke mzima.

Kwenye mbio za vumbi ambazo vijana wa Nachingwea na Masasi huziandaa wakati wa kiangazi, gari hilo lilimpa jina.

"Ilikuwa inaruka," anasema, na mikono inaanza kushika usukani usiokuwepo. "Ukikanyaga, roho inabaki Nachingwea, wewe umeshafika Nanganga."

Sifa zilikuwa nyingi kuliko faida. Zawadi kubwa aliyowahi kushinda ni shilingi laki tatu, na wiki hiyohiyo matairi yalizila zote. Gari halikubeba gunia wala debe. Vipuri vya gereji vilikuja kwa pikipiki.

"Fikiria," anasema. "Nina gari linaloogopwa wilaya mbili, halafu unga wa nyumbani naletewa na bodaboda."

Hata hivyo hakuwa na wazo la kuachana nalo. Kilichomwachanisha nalo ni unyago wa mpwa wake, na upande mmoja wa kanga.

Likizo ya Juni huku ni msimu wa ngoma. Ufuta umeuzwa, watoto wako nyumbani, na wari wanaomaliza mafunzo ya unyago na jando hutolewa kwa shangwe. Mwali huvishwa nguo mpya, hupandishwa gari na kuzungushwa kijijini huku ndugu wakimtunza. Na kwa familia nyingi za huku, mjomba ndiye mwenye neno la mwisho.

Juni ya mwaka jana ilikuwa zamu ya Zuena, wakati huo ana miaka 13, binti wa Fauzia, dada yake Mahamudu. Ndugu walipendekeza likodiwe gari la wazi la mizigo. Mjomba akaja juu.

"Nilisema, mwali wangu apande gari la kukodi na mimi nina chuma? Watu wanionaje?"

Gari la mbio lilikuwa na viti viwili tu. Kungwi, ambaye alipaswa kukaa ubavuni kwa mwali, akapandishwa bodaboda. Zuena aliingizwa kwa kupenyezwa katikati ya mabomba, gauni limeshikwa na watu wawili.

"Nikamwambia, kaka, mtoto haonekani," anakumbuka Fauzia. "Akanijibu, wataliona gari."

Kule Nambilanje, wilayani Ruangwa, mama yao, Bi Kulthumu, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni tangu asubuhi. Miguu haimruhusu kwenda mbali. Mbele ya mlango alitandika kanga mpya barabarani, pale ambapo gari lingesimama na mjukuu wake angekanyaga akishuka.

Mahamudu alikuwa amekaa chini kama mtu aliyeko ndani ya beseni. Boneti ilimziba, kanga hakuiona. Kisha ngoma zikakolea, wanawake wakapiga vigelegele, na mambo yakaharibika.

"Vigelegele vilinipanda kichwani," anasema. "Niliposikia watu wanashangilia, mguu ulifanya ulichozoea."

Gari liliruka. Lilipita juu ya kanga, likapita mlango wa bibi, likapita na msikiti, na kusimama mbele huko njia ilipogeuka kuwa ya baiskeli. Nyuma hakukuonekana nyumba wala mtu. Zuena alirudi kwa miguu, kilemba upande, kope nyekundu kwa vumbi, akapiga goti mbele ya bibi yake.

Bi Kulthumu hakumpa mkono wa pongezi.

"Mwali sijamwona," alisema mbele ya watu wote. "Nimeona vumbi. Huyu ni mtoto wa Fauzia, anatoka dukani."

Watu walicheka, wakadhani ni utani. Haukuwa utani. Bibi aliiokota ile kanga yenye alama ya tairi katikati, akakataa isifuliwe, akaitundika ukutani sebuleni. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa: "Hapo ndipo mjomba alipopita." Mwaka mzima, kila Zuena alipopiga simu kusalimia, bibi alimjibu marahaba kisha akamuuliza atatoka lini unyagoni.

Jina nalo likasambaa. Kijiwe cha bodaboda cha Nachingwea kilimbatiza fundi huyo Mjomba Vumbi. Zuena, ambaye sasa yuko kidato cha kwanza, naye hakupona.

"Shuleni wananiita mwali wa vumbi," anasema. "Kuna siku nililia. Siku nyingine nilicheka. Mjomba nampenda, ila siku ile, jamani!"

Mahamudu alivumilia utani. Kilichomvunja ni simu ya mama yake, mwezi wa Ramadhani. Fauzia alikuwa amempeleka mama yao hospitali, akaambiwa jicho moja limeshafunikwa na mtoto wa jicho na la pili linafuata. Upasuaji upo, na Bi Kulthumu amekubali kufanyiwa. Lakini ana lake.

"Aliniambia, Mahamudu, madaktari nawaamini, ila uhakika anao Mungu. Kama mnamtoa mwali, mtoeni nikiwa namjua kwa macho, siyo kwa sauti." Mahamudu anaikaza tena kamba ya turubai. "Hapo nililia. Sioni haya kusema."

Wiki ile ile alimpigia simu Filbert, kijana mwuza simu wa Ruangwa, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akija gereji kuizunguka Subaru bila kuigusa. Filbert alikuwa na Suzuki ya turubai aliyorithi kwa baba yake mkubwa. Ilikuwa imelala bandani, kuku wanatagia kiti cha nyuma, na mwenyewe akiionea aibu.

"Kijana wa mjini utaendeshaje gari halina paa?" anauliza Filbert. "Fundi aliponiambia tubadilishane, nilidhani ananipima. Nikamwambia kaka, usinitanie, mimi nina presha."

Walibadilishana Ruangwa, mkono kwa mkono, gari kwa gari, hakuna aliyeongeza kitu. Filbert aliwasha, akaondoka kwa fujo. Mahamudu alibaki amesimama barabarani na funguo za gari lenye harufu ya kuku.

"Miaka yote ile nilikuwa ndani," anasema. "Siku ile ndiyo nimeisikia kwa mara ya kwanza nikiwa nje. Mbwa walikimbia. Mama mmoja alimficha mtoto. Nikasema lo, kumbe ndicho nilichompitishia mama yangu mlangoni."

Aliifumua injini ya Suzuki, akabadilisha breki, na kumpa fundi cherehani kazi ya kushona turubai jipya. Nachingwea ilimcheka upya. Ameuza chui, kanunua mbuzi, walisema.

"Mbuzi unamkamua," anawajibu.

Anakamua kweli. Siku za kazi analirudisha paa, anakunja kiti cha nyuma, na Suzuki inabeba magunia ya ufuta, vipuri na wagonjwa kutoka vijiji ambavyo Subaru isingefika bila kuacha tumbo njiani. Msimu huu, siku nzuri inamwachia shilingi elfu thelathini hadi arobaini baada ya mafuta. Bodaboda aliyekuwa akimletea unga amempoteza mteja.

Leo hakuna magunia. Zuena ameketi nyuma juu ya turubai lililokunjwa, amevaa gauni la manjano na miwani ya jua, mwavuli mkononi. Ubavuni kwake amekaa kungwi, ambaye mwaka jana alikula vumbi kwenye bodaboda na leo hataki hata kukumbushwa. Siri za unyago zilikwisha mwaka jana, anasema, hakuna cha kurudia. Kilichobaki ni mwali kutoka mbele ya bibi yake.

Ruangwa mjini, watu wanatoka madukani. Anayemjua Zuena anampungia mkono, asiyemjua anauliza ni binti wa nani. Filbert yupo kando ya barabara amekaa juu ya boneti ya Subaru, anapiga mluzi.

"Mjomba, nikutangulie nikusafishie njia?" anauliza.

"Wewe kaa hapohapo!" anajibu Mahamudu, na Fauzia aliyekaa kiti cha mbele anafunika uso kwa kicheko.

Nambilanje wanasikika kabla hawajaonekana. Ngoma zimeshapashwa moto, sare za kanga zimejaa barabarani, na vigelegele vinaanza gari likiwa bado mbali. Mahamudu anakaza mikono. Jasho linamtoka kwenye kofia. Anavua kiatu cha kulia na kukitupa miguuni kwa Fauzia.

"Niusikilize mguu wangu vizuri," anasema.

Gari linakwenda mwendo wa mtu anayetembea na mgonjwa. Wanawake wanacheza pembeni, wanampachika Zuena noti kwenye kilemba, wanamgusa mkono. Mlango wa Bi Kulthumu unaonekana. Kigoda kipo. Bibi yupo. Na barabarani ametandika kanga ileile, haijafuliwa, alama ya tairi imelala katikati.

Kelele zinapungua zenyewe. Kila mtu Nambilanje anaijua kanga hiyo. Mpiga ngoma mkubwa anashusha mikono.

Mahamudu amesimama nusu kwenye kiti, anachungulia juu ya kioo cha mbele. Gari linasogea. Linasogea tena. Tairi linakaribia ukingo wa kanga, upana wa kiganja umebaki, na Suzuki inasimama. Anazima injini kabisa.

Zuena anashuka, anakanyaga kanga, anapiga goti.

"Shikamoo bibi."

Bi Kulthumu ananyoosha mikono. Anamshika mashavu, anamvuta karibu, anamgeuza upande wa jicho linaloona. Anamtazama kwa muda, paji, pua, kidevu, miwani anamvua mwenyewe.

"Marahaba," anasema mwishowe. "Kumbe umekuwa mrefu hivi. Haya, mwali ametoka. Nimemwona."

Vigelegele vinavyofuata haviwezi kuandikwa. Fauzia analia waziwazi, kungwi anacheza. Mahamudu amekaa juu ya mlango wa gari, mguu mmoja kiatu, mwingine peku, anajifuta uso kwa ncha ya kanzu na kusema ni vumbi. Hakuna vumbi lolote.

Akishatulia, anazungumzia yajayo. Familia tatu za Nachingwea zimemwomba awabebee wari likizo ya Desemba, na akijaliwa atatafuta gari jingine la turubai, moja Nachingwea, jingine Ruangwa. Mbio hajaziacha moyoni, anakiri, na Filbert amemwomba awe fundi wake kwenye mashindano yajayo. Zuena akifika umri, atamfundisha kuendesha.

"Maana mjomba naye anazeeka," anasema. "Nataka siku moja yeye ndiye awa..."

"Mahamudu!" Sauti inatoka garini. Bi Kulthumu ameshanyanyuliwa na wajukuu na kukalishwa nyuma, kati ya Zuena na kungwi, ile kanga ameitandika magotini. "Utaongea na watu wa magazeti mpaka lini? Na mimi nizungushwe."

Fundi anawasha gari. Wanaondoka taratibu, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bibi anapunga mkono kushoto na kulia. Karibu na msikiti anainama mbele na kumgonga mwanawe begani.

"Mwaka jana ulikwenda hivihivi?"

"Hapana, mama. Mwaka jana nilikimbia."

"Basi kimbia, nami nijue nilichokikosa."

Mahamudu anamtazama Zuena kwenye kioo. Zuena anafunga mwavuli. Kungwi anashika chuma kwa mikono miwili na kuanza kusoma dua.

Mguu ule wa peku unashuka. Suzuki inanguruma, inapita msikiti, kilemba cha manjano na mtandio wa bibi vinapepea pamoja, na kicheko cha Bi Kulthumu kinasikika hadi mlangoni kwake. Vumbi linapanda, na safari hii waliobaki ndani yake ni watu wengine wote.