Pumba Nilizozishindilia Jikoni

Wajukuu wananiomba niwasimulie hili kila wakikaa, wanacheka na mimi nacheka, lakini siku yenyewe sikucheka, maana niliumbuka mbele ya mtaa mzima na aliyeniumbua ni mimi.

Miaka ya tisini kuni zilikuwa zimeanza kuwa mbali, tukafundishwa kujenga majiko ya udongo yanayokula kuni kidogo, kisha wakaja wataalamu watatu kutoka Morogoro kuyashindanisha. Wanapita nyumba kwa nyumba, unapimiwa kuni kwenye mizani, unapika kilo ya mchele wakikutazama, zinazobaki zinapimwa tena. Atakayebakiza nyingi anapata mabati ya nyumba nzima. Mimi nilikuwa na nyumba ya nyasi inayovuja mpaka kitandani, na jiko langu, nasema bila aibu, lilikuwa zuri kuliko yote hapa Ifakara.

Ningetulia. Lakini jirani yangu Mama Hilda alipimwa kabla yangu, akaja mpaka mlangoni kwangu kusema, "Mwenzangu, zangu zimebaki mpaka wataalamu wametazamana. Wewe jaribu tu."

Hiyo "jaribu tu" ilinichoma. Nikakumbuka wachoma matofali wanavyotumia pumba za mpunga, moto haufi siku mbili, nikasema ngoja nitie konzi moja kule nyuma ya jiko wasikoona. Konzi ikawa beseni, nikashindilia kwa mwiko (hapo ndipo akili ilipohama).

Wakaja, na watu nyuma yao kama wanakwenda msibani. Mkubwa wao alivaa shati jeupe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu, karibuni."

Nikawasha. Wali haujachemka, moshi mzito ukaanza kutoka kila tundu, mpaka kuku wakahama uani.

"Bibi, jiko hili huwa linatoa moshi hivi?"

"Halijawahi, mwanangu. Kuni zenu mbichi."

Akainama, akachokoa kwa kijiti kule nyuma, pumba zikafumuka na majivu yake, shati likawa la mchoma mkaa. Mwenzake, mama wa miwani, akaokota chache akaziweka kiganjani.

"Na hizi, bibi?"

"Zimedondoka nikipepeta mchele."

Akachungulia ndani. "Ulipepeta magunia mangapi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika ua. Niliomba nizitoe nianze upya, yule mwenye shati akasema kwa upole, "Bibi, tukikuruhusu wewe, wenzako tutawaambia nini?" Akanifuta jina.

Kesho yake nikalisafisha jiko nikapika peke yangu, kuni zile zile kwa kukadiria, mchele kilo moja. Wali ukaiva, na kuni zilizobaki nilizitazama nikakaa chini. Zilizidi zile za Mama Hilda, ambazo mtaa mzima ulikuwa umeziona.

Mabati alipata yeye. Masika yalipoingia, daftari za mjukuu wangu Yustina zikalala kwa Mama Hilda zisilowe, na kila asubuhi mtoto akipita kuzichukua anaulizwa, "Bibi hajambo? Jiko je?" Nami namwambia Yustina amjibu kwa adabu, ashukuru.

Nimeapa, kitu changu kikipimwa tena nitakaa pembeni, mikono mapajani, kijipimie chenyewe.