Mwaka Nilioharibu Kunde za Kisorya

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ofisi ilikuwa inafunguliwa saa mbili. Ilikuwa Musoma, kata ya Iringo, vyumba viwili nyuma ya duka la mabati. Nilikaa kwenye ngazi nikiwa na bahasha ya vyeti magotini, nikisoma upya barua ya kuitwa kazini, kwa sababu nilikuwa nimeingiwa na wazo kwamba huenda iliandikwa kwa mtu mwingine mwenye jina kama langu.

Mratibu wa mradi, mama mrefu aliyetembea haraka na kuongea polepole, alinikuta hapo.

"Wewe ndiye bibi shamba wetu mpya?"

"Nadhani ndiye, mama."

"Unadhani." Akafungua kufuli. "Basi ingia, tufikirie tukiwa ndani."

Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaomaliza chuo sasa na kusubiri kuitwa. Mvi sina. Kazi niliyoifanya ilikuwa ya mkataba, nayo imekwisha, lakini nilipangiwa vituo vitatu na kuna jambo moja la kazi hii ambalo darasani sikulisikia.

Kazi yenyewe ilikuwa bustani za nyumbani: kuwasaidia kina mama kulima mboga uani, hatua chache kutoka jikoni, na kuzihifadhi ili ziwavushe kiangazi. Masika yakiisha, mboga huku kwetu Mara huwa nyingi mpaka mbuzi wanapewa. Ikifika Agosti mtu anakula ugali kwa dagaa leo, kesho na keshokutwa. Mradi wetu ulikuwa katikati ya misimu hiyo miwili.

Kituo cha kwanza kilikuwa Nyamuswa, chini ya Bwana Shamba wa kata, mzee aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alinifundisha kutengeneza kitalu, yaani kituta kidogo ambamo mbegu huoteshwa kabla ya miche kuhamishiwa bustanini. Alinifundisha kutandaza nyasi kavu juu ya udongo ili jua lisiunyonye maji. Alinifundisha pia kwamba samadi mbichi huunguza mizizi, jambo gumu kulieleza kwa wafugaji, maana samadi iko mlangoni na mtu anaona unamcheleweshea kazi bure.

Siku moja alinikuta nimechuchumaa kwenye kitalu cha mchicha, nafukua kwa kidole.

"Unafanya nini hapo, binti?"

"Naangalia kama zimeanza kuota, mzee."

"Na hizo ulizozifukua zitaota lini?"

Nikazirudisha udongoni haraka haraka.

"Zifunike, halafu nenda kanywe chai," alisema. "Nyamuswa nzima kuna chai, wewe umekaa hapa unachungulia mchicha."

Nilicheka. Lakini jioni nilirudi kuangalia tena. Niliamini huko ndiko kuwa makini.

Kituo cha pili kilikuwa Kisorya, kando ya ziwa, pale watu wanapopanda kivuko kwenda Ukerewe. Nilipewa kikundi cha kina mama wanane waliokutana Jumapili baada ya ibada. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Masatu, mke wa mvuvi wa dagaa, mwenye bustani ya kunde iliyozunguka nyumba pande zote kasoro mlangoni. Aliishi boma moja na mama mkwe wake, Bibi Nyabweke.

Hapa nieleze kitu kinachoitwa uchaga. Ni fito zilizopangwa juu ya meko, moshi unapita katikati yake, na hapo huwekwa chakula cha kiangazi. Katika nyumba nilizoingia kule, uchaga una mwenyewe, na mwenyewe ni mama mkwe. Yeye ndiye anayesema nini kishushwe na lini. Mke wa mwanawe anaomba, hata kama ana watoto wakubwa wanaoshinda majini wakivua. Mama Masatu alikuwa ameomba hivyo kwa miaka yote ya ndoa yake. Mwaka niliofika mimi, magoti ya Bibi Nyabweke yalikuwa yamekataa kazi, akamwambia mke wa mwanawe: mwaka huu uchaga ni wako.

Mama Masatu alinieleza hayo tukichuma kunde.

"Sasa mwalimu, mimi nikiharibu mwaka huu, uchaga unarudi kwa mama. Nitaombaga tena kama mtoto. Hiyo njia yako ni nzuri kweli?"

"Ni nzuri, mama."

"Bibi anasema haijui."

"Iko kwenye kitabu, mama."

Ilikuwa kwenye kitabu, sikudanganya. Majani ya kunde huchumwa kabla mmea haujatoa maua, huoshwa, kisha huchovywa kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache ili yasipoteze rangi na yasiendelee kukomaa. Kitabu changu kilisema maji hayo yatiwe chumvi. Baada ya hapo majani huanikwa kivulini kwenye chanja, kitanda cha fito kilichoinuliwa juu ya ardhi. Kina mama walitaka kutumia chanja zao za dagaa. Nilikataa kwa sababu ya harufu, wakatengeneza mpya. Nilihesabu dakika kwa simu. Majani yalipokauka mpaka yakatoa mlio yakishikwa, tuliyajaza kwenye ndoo za plastiki zenye mifuniko. Wenzake waliweka nusu ya mavuno kwenye ndoo na nusu wakaifanya kizamani. Mama Masatu aliweka yote, ndoo tatu, akazipanga sebuleni.

Usiku ule sikulala vizuri. Je, kama jani moja la chini halikukauka? Asubuhi nilikwenda, nikafungua ndoo ya kwanza, nikazamisha mkono mpaka chini, nikanusa, nikafunga. Ya pili, ya tatu, vilevile. Zote salama. Nilirudi nyumbani moyo umetulia, na utulivu ule ulidumu mpaka saa nane. Kesho yake nikaenda tena. Ikawa ndiyo ratiba yangu: kila asubuhi, umande haujakauka na hewa ya ziwa bado nzito, mimi na ndoo tatu za Mama Masatu.

Wenzake walinitania.

"Mwalimu, ukiolewa, na mume utamfunua hivyo kila asubuhi kuona kama bado yupo?"

"Mwache, huyo mume naye ataozea ndani tusijue!"

Mama Masatu hakutania. Alisimama pembeni akiangalia mikono yangu kwa makini kama mwanafunzi.

Kunde hazikumaliza mwezi. Asubuhi moja nilifungua ndoo ya kwanza na kabla mkono haujaingia nikajua. Harufu ilikuwa ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Majani yalikuwa yameshikana, na juu yake kulikuwa na ukungu mweupe kama pamba. Ya pili ilikuwa hivyo. Ya tatu ilikuwa hivyo.

"Bibi anajua?" niliuliza.

"Bado," alisema Mama Masatu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jana ameniambia anataka kunde za Jumapili, ziungwe karanga."

Kisha akaongeza, "Na sisi tulikuwa tunafungua, mwalimu. Ukiondoka asubuhi, mimi nafunguaga tena jioni. Hata wenzangu kwenye ndoo zao. Tulidhani ndiyo utaalamu wenyewe."

Nilikaa chini pale pale sebuleni. Leo naweza kueleza kilichotokea kwa sentensi mbili. Chumvi huvuta maji kutoka hewani, na kila tulipoinua mfuniko tuliiingizia ndoo hewa ya ziwa. Mboga zilikuwa nzima siku tulipozifunga. Kilichoziharibu ni kuziangalia.

Kwa siku mbili nilikwepa boma lile. Niliandika kwenye daftari jinsi nitakavyomwambia Bibi Nyabweke. Toleo la kwanza lilianza na unyevu wa hewa. La pili lilianza na shukrani. La tatu lilikuwa refu kuliko yote, na nilipolisoma nikaona jina langu halimo kabisa, kana kwamba ndoo zilijifungua zenyewe. Nikampigia Mratibu.

"Mama, nimeharibu mboga za watu."

"Umewaambia?"

"Nilitaka kwanza nijue nitasemaje."

"Sema kama ulivyoniambia mimi sasa hivi," alisema. "Na wahi, kabla mwenye mboga hajasemwa kwa kosa lako."

Hilo la mwisho ndilo lililoninyanyua. Katika kuwaza kwangu kote nilikuwa nimejiwazia mimi: kazi yangu, ripoti yangu, jina langu. Mwenye cha kupoteza alikuwa Mama Masatu.

Nilimkuta Bibi Nyabweke ameketi kwenye mkeka nje ya jiko, anabangua karanga. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulipotelea wapi?"

"Nilikuwa naogopa kuja. Kunde zote zimeoza, bibi. Kosa ni langu. Mama Masatu alifuata nilivyomwambia."

Mikono yake ilisimama. Mama Masatu alikuwa mlangoni, ameshika kanga kifuani.

"Mlizifunga mbichi?"

"Hapana, zilikuwa kavu. Ila nilizitia chumvi. Na nilikuwa nazifungua kila siku."

"Kila siku? Unatafuta nini mle?"

"Nilikuwa naogopa zimeharibika."

Bibi alinitazama, kisha akacheka mpaka karanga zikamwagika mkekani. Mimi sikucheka, wala Mama Masatu. Alipomaliza alifuta macho.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Mimi sitiagi chumvi. Nafungaga kwenye majani ya mgomba, kifurushi cha chungu kimoja. Kimoja tu. Nikikifungua nakipika chote. Vingine sivigusi."

"Na unajuaje kama vingine ni vizima?"

"Sijui."

"Huogopi?"

"Naogopa! Nani haogopi kiangazi? Mwaka mmoja nilikuta viwili vimeoza. Lakini vilioza viwili."

Kitabuni sikuwa nimeona hilo. Chuoni walituambia jinsi ya kukausha na jinsi ya kufunga. Hakuna aliyetuambia ukubwa wa kifurushi. Ndoo kubwa inakulazimisha kufungua chakula cha miezi mitatu kila unapotaka cha siku moja, hata kama huna woga kama wangu.

Mama Masatu alisogea. "Mama, kama unataka uchaga urudi kwako, sitakataa."

"Urudi kwangu niupande kwa magoti gani?" Bibi alirudi kwenye karanga zake. "Uchaga nimekupa. Mboga zimeoza ukiwa mwenyewe, haya, mwenye uchaga anasemaje? Tunakula nini?"

Niliona Mama Masatu akisubiri jibu litoke kwa mwingine, kama alivyozoea, na halikutoka. Kisha akaanza kuongea, mwanzo kwa kusita. Kule chini karibu na maji kuna kipande cha ardhi ambacho hakikauki. Tukipanda kunde wiki hii na kumwagilia kwa maji ya ziwa, kabla Agosti haijaisha tutachuma. Hadi hapo ataazima vifurushi kwa wenzake na kuvirudisha vile vile, kifurushi kwa kifurushi.

"Mwalimu atabeba maji," Bibi alisema.

Nilibeba. Sitawadanganya kwamba tulipona kabisa. Kuna wiki boma lile lilikula dagaa tupu, na Bibi hakuacha kulitaja jambo hilo kila nilipopita. Lakini tulichuma, tukachovya bila chumvi, tukaanika juu ya mawe kama Bibi alivyozoea, na Mama Masatu akafunga vifurushi mwenyewe. Bibi alimkosoa mafundo. Mimi nilipewa kazi ya kuvipandisha uchagani, kisha nikafukuzwa jikoni.

Ripoti niliandika kama ilivyotokea. Nilisubiri kufukuzwa na kazini pia. Mratibu aliisoma, akachukua kijitabu chetu cha mafunzo, akaifuta sehemu ya chumvi kwa vijiji vya ziwani, na mahali palipoandikwa ndoo akaandika kwa kalamu: vifurushi vya mlo mmoja.

Kituo cha mwisho kilikuwa Butiama, ambako niliripoti kwa Afisa Kilimo, mzee aliyevaa tai hata bustanini. Siku ya kwanza niliwasimulia kina mama wa huko habari ya Kisorya kabla ya kuwafundisha lolote. Mmoja wao akaniuliza, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyeozesha mboga za watu?"

"Ndiye mimi."

"Basi wewe utajua zinavyoozaga. Endelea."

Nilimaliza mkataba pale Butiama, mwezi wa Julai mwaka uliofuata. Afisa Kilimo alinipa mkono, akasema, "Umejifunza kazi." Nilitumia siku nzima kuwaza kama alimaanisha kwamba mwanzoni sikuijua. Bado nawaza, na bado naamka mapema kuliko inavyohitajika. Msidhani kazi inamgeuza mtu kuwa mwingine. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba woga mnaoingia nao kazini hautawaacha, na si lazima uwaache. Angalieni tu msiwape watu waufuate wakidhani ni utaalamu.

Wiki ile ya mwisho nilimpigia simu Mama Masatu kumuaga. Nilijitahidi kuongea habari nyingine kwanza: uvuvi, kikundi, magoti ya Bibi. Kisha nikashindwa.

"Mama, na kunde za mwaka huu? Ni nzima?"

"Sijui, mwalimu," alisema. "Kifurushi cha kwanza nimekitoa jana tumekula, kilikuwa kizuri. Vingine viko juu, vimefungwa."

Nilisikia sauti ya Bibi Nyabweke kwa nyuma, inauliza kitu.

"Subiri kidogo," Mama Masatu aliniambia. Kisha, mdomo ukiwa mbali na simu, akajibu: "Hapana, mama. Leo tunapika dagaa. Kunde ni Jumapili."