Mwaka tulikula mbegu, na viti vya ile oditwari ya mulimani

Mwaka ule tulikula maharagi ya mbegu.

Muntu wa Masisi akisikia hivyo, anajua mara moja ni mwaka gani. Kwa wengine nitaeleza. Viazi viliisha, mahindi ikaisha, tukakula majani ya maharagi mupaka shina ikabaki uchi. Mwisho tukafungua kale kachungu kenye kufunikwa na majivu, kenye hakafunguliwe mupaka mvua ya kupanda.

Ukitafuna mbegu, meno yako yenyewe inakuambia kama mwaka unaokuja haupo.

Salamu kwenu wakuu. Naona humu ndani munaitana wakuu hata na watoto wenye hawajaota ndevu. Basi wakuu. Mimi ni koko, mama muzee mwenye wajukuu, wa kijiji cha Kingi, mulimaji. Masomo nilifikia primaire, mwaka wa tatu, baba akasema inatosha, mbuzi hazina muntu. Naandika na kidole kimoja, muvumilie. Na mwenye alikuwa pale, kama nimeongeza chumvi, anikatalie hapa hapa mbele ya wote.

Kwa nini naandika? Juzi kijana mumoja aliweka humu foto ya univ, chuo kikuu chetu cha kanisa, ile ya mulimani, njia ya kushuka Walikale. Akaandika chini: "Hii haiko univ. Ni nyumba ya kuku yenye ilisoma."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, neno lilikuwa tamu. Kisha nikakasirika.

Mwanangu, ile nyumba ya kuku mimi nililala ndani.

Mwaka ule wa kula mbegu tulitoka Kingi asubuhi, masasi ya bunduki nyuma yetu. Njia ya Goma ilikuwa imefungwa kule Mubambiro, basi tukashika ya upande ingine, ya kwenda Walikale. Nilikuwa na muke wa mutoto wangu, anaitwa Riziki, na tumbo yake ya kuzaa leo ao kesho. Mutoto wangu alibaki nyuma kutafuta ndugu zake.

Mimi ku kichwa nilibeba blanketi. Ku mukono, mutwangio wangu wa kutwanga sombe, majani ya muhogo. Watu walinicheka njiani. Mwingine anabeba radio, mwingine anabeba mbuzi, huyu mama anabeba muti. Lakini ule mutwangio nilipewa na mama-mukwe siku ya kuingia jikoni mwake. Akaniambia mwanamuke mwenye kuchoma mutwangio anachoma jiko lake mwenyewe. Sikuuacha.

Pale univ, pasta mwenye kulinda alifungua milango yote. Aliomba neno moja tu, tusiingie na matope mu bibliyoteke, nyumba yao ya vitabu.

Wakatutia mu oditwari. Ni chumba yao kubwa ya kufundishia.

Wakuu, nilisimama mulangoni nikasema fundi alikuwa amelewa. Chini haiko sawa! Inapanda, ngazi juu ya ngazi, mupaka karibu na mabati. Walijenga mulima ndani ya nyumba. Mwalimu anasimama kule chini mu bonde, na wanafunzi wanakaa juu kwa mistari, kama vile sisi tunapanda maharagi ku kilima. Nikaelewa. Sisi wa Masisi tunajua: ukipanda ku mulima kwa mistari, mvua haibebe udongo, na kila shina inaona jua.

Nilipenda ile nyumba tangu dakika ile. Hata na vita nje.

Na viti! Virefu, vya mbao nyekundu, vimepigwa randa mupaka unaona uso wako. Mubaba mumoja wa Walikale, mulimaji na muwindaji, alikuwa amelala karibu yetu. Alipapasa kiti kama mutu anapapasa ngombe yake. Akatuambia wao njo walikata ile miti, wakristo wa kijiji chake, wakaleta mbao ku mabega kupitia pori. Mbele ya kukata waliongea kwanza na muti, kama wazee walivyofundisha. Pasta alikuwa pale, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Tulicheka sana. Njo mara ya mwisho tulicheka siku ile.

Mvua ikaingia. Haikutoka. Kuni za jikoni ziliisha, fensi ikaisha, watu wakachoma mipini ya majembe yao. Mu pori hakuna kwenda, kule kulikuwa watu wa bunduki.

Na Riziki akashikwa na uchungu.

Alizalia kule chini, pale mwalimu anasimama. Mutoto mwanamuke. Mudogo, midomo ya bluu, hata kulia hakulia vizuri, alikuwa anatoa sauti ya paka. Riziki anatetemeka, meno inagongana. Kwetu muzazi anaoshwa na maji ya moto, anakunywa uji ya moto, kama hapana, damu inakwama. Maji tulikuwa nayo, mvua iko tele. Moto njo hakuna. Kulikuwa kaa moja tu inapumua chini ya majivu, ku baraza.

Sasa kulikuwa Papa Kambale, mufanyabiashara wa Butembo. Kamiyo yake, gari ya mizigo, ilikwama ikitoka Mubi, akaingia na sisi. Mukatoliki wa rozari ku shingo, na roho nzuri, musimufikirie mubaya. Alichukua shoka ya kamiyo yake, akasogelea kiti cha mbele.

Nikakaa juu ya kile kiti.

Akaniambia polepole, kama mutu anaongea na mugonjwa: "Mama, mujukuu wako anakufa na baridi, na wewe unalinda ubao?"

Watu wote wananiangalia. Riziki naye ananiangalia, kutoka kule chini. Yale macho yake sitasahau. Kinywa kilisema chenyewe:

"Mbegu tulishakula. Hii mbao hatuichome."

Mama mumoja akasema huyu vita imemuharibu kichwa. Papa Kambale akasimama na shoka yake, hajui aiweke wapi.

Nikainuka, nikaenda kwenye blanketi yangu, nikarudi na mutwangio. Nikamupatia.

Akakataa. Kwao pia mutwangio hauchezewe. Nikamwambia: "Papa, pasua. Jiko langu liko Kingi, lilishaungua."

Akatoa kofia. Akapasua vipande vyembamba, vyembamba kabisa, mubaba wa Walikale akapuliza ile kaa. Muti mugumu ule, ulikuwa umekunywa mafuta ya mawese ya miaka yote ya sombe. Ukashika moto na harufu ya chakula. Watu wenye njaa walianza kumeza mate, nakuambia, harufu tu.

Riziki akaoga maji ya moto. Mutoto akapata joto, akalia kilio cha muntu. Tulimuita Furaha, lakini oditwari nzima ilimuita Mutwangio, na jina likabaki.

Sasa wakuu, munisikie. Vita haijaisha, munajua wenyewe, inatoka huku inaingia kule. Lakini Furaha anasoma pale. Ile ile univ! Mwaka huu nilienda kumutembelea. Njiani aliniomba ku simu: "Koko, tafadhali, pale usiniite Mutwangio."

Nikakubali.

Alinizungusha kila mahali. Kuna homu ya wasichana, ni nyumba yao ya kulala, na vyoo vyenye kufungwa kwa ndani. Munacheka? Mwanamuke mwenye alikimbia vita hacheki choo chenye kufungwa kwa ndani. Nilifunga, nikafungua, nikafunga tena.

Kuna robine mu kiwanja, unageuza, maji ya mulima inakuja bila kubeba bidon. Kuna bibliyoteke, watoto wamenyamaza kama kanisani, na kule juu ya mabati wameweka pano za jua, basi taa inawaka hata Masisi nzima ikiwa giza. Shapeli yao, kanisa ndogo, haina rangi bado, lakini ukiimba ndani, sauti inakurudilia kama kuna watu wengine wanaitikia. Niliimba. Furaha akaona haya kidogo.

Kisha oditwari.

Nikakuta wanafunzi wanatoa viti. Vile vile! Kumefika viti vya plastiki, na Papa mwenye kusimamia majengo, mutu wa heshima, amevaa vizuri, akanielezea. Vile vya zamani wadudu walianza kuvikula miguu, vinapasua suruali za watoto. Vinaenda restora, jiko ya wanafunzi, wapishi watavichoma wapikie maharagi.

Maharagi!

Mimi nikakaa. Kiti cha mbele.

Furaha akanivuta kitenge, "Koko, simama, watu wanaangalia." Yule Papa akacheka kwa adabu: "Koko, hii iko mbao tu. Wadudu wanaimaliza."

Nikamwambia basi wadudu tunawatoa, miguu tunakata mipya, miti ya Walikale haijaisha. Akasema tayari aliahidi wapishi.

Hapo Furaha akaacha kitenge changu. Akakaa pembeni yangu. Akasema na sauti yenye wenzake wote walisikia: "Papa, mimi nilizaliwa hapa chini, pale unasimama. Mimi njo Mutwangio."

Yule Papa akasogeza miguu, kama amekanyaga kitu.

Wakuu, mimi nilijifunza hivi: vita ikikuomba kitu, upatie cha jana. Cha kesho kaa juu yake, na matako yote mawili. Mwenye iko na lake aandike hapa chini, hata yule wa nyumba ya kuku, njoo mwanangu, sina kinyongo, na ukipita pale ukae ku kiti cha mbele uone kama si kizuri.

Yule Papa alikuwa bado anangojea. Akauliza, na sauti imeshuka, sasa awaambie wapishi nini.

Nikamujibu:

"Mbegu tulishakula. Hii mbao hatuichome."