Binti Yangu Hapumzishwi

Kazi yangu ni kuosha vizimba vya panya, kwenye kituo cha utafiti hapa Ifakara. Siyo hawa wa ghalani wanaomaliza mpunga. Hawa ni weupe, wanatunzwa kuliko watoto wa watu. Wanapewa ugonjwa wa kifua, halafu daktari anapima mapafu yao. Nilipoanza nilikuwa nasali rozari njia nzima kutoka nyumbani Lipangalala, maana mtu anayekipa kiumbe ugonjwa kwa makusudi, utamwaminije?

Daktari mwenyewe ni binti mdogo, hapiti bila shikamoo. Hata hiyo adabu niliitilia shaka. Anamweka panya kwenye kiboksi kinachoonyesha ndani, anamwacha apumue, na kwenye kompyuta mstari unapanda na kushuka. Hapo panya hana shida. Shida ni chumba cha pili. Huko anachomwa sindano ya usingizi, anaingizwa mrija kooni, mashine inampumulia ili ionekane mapafu yamekakamaa kiasi gani.

“Na baada ya hapo?” nilimuuliza.

“Tunampumzisha, mama.”

Nikaona vizuri, kumbe wana huruma. Nikaosha kizimba, nikaweka maranda mapya. Jioni kizimba kitupu. Kesho yake kitupu. Mpaka nilipotumwa kupeleka mfuko kwenye tanuru la taka, ukanifungukia mkononi. Walikuwemo panya wote, wa baridi. Kanisani tunawaombea marehemu wapumzike kwa amani, na mimi na umri huu sikujiongeza.

 Tangu hapo nikawa namwangalia daktari kwa jicho la pembeni.

Sasa, mtoto wangu wa mwisho ana kifua. Msimu wa kukoboa, vumbi la pumba likianza, kinapiga filimbi. Zahanati wanampa dawa ya kikohozi, haisaidii. Yule daktari akasikia. “Mlete hospitali, mama, Jumatano nipo kliniki. Bila kumpima hatujui kama ni pumu, na dawa yake hataipata.”

Nikampeleka. Akamwonyesha mrija.

“Utapuliza hapa kwa nguvu. Halafu mama, nitampa dawa ya kuvuta, tunampumzisha kidogo, tunampima tena.”

Nikamdaka mtoto mkono. “Binti yangu hapumzishwi.”

“Ni kidogo tu, mama.”

“Kwani kuna kufa kidogo?”

Nesi akaangua kicheko. “Mama huyu naye.” Daktari hakucheka. Aliutazama mrija, akanitazama mimi, akaziba mdomo kwa kiganja.

“Mama, kwa panya ni neno la kazini. Tunaona vibaya kusema tunawaua.”

“Semeni tu. Mungu anajua mnachofanya.”

“Huyu atakaa pale kwenye benchi. Kaa naye.”

“Na ataamka?”

“Hatalala, mama.”

Nikamwangalia mwanangu. Mabega yalikuwa yanapanda kila akivuta pumzi, vile vile ninavyowaona panya wagonjwa kila siku. Nikamwachia mkono.

Akapuliza. Mstari ukapanda, ukakatika mapema. Akavuta dawa, tukakaa benchi. Nilishika pindo la gauni lake, macho mlangoni.

“Mama, umenibana.”

“We pumua tu.”

Akapuliza tena, na mstari ukapita ule wa kwanza kwa mbali. Daktari akanigeuzia kompyuta nione. Akasema hii ni pumu, na dawa yake ipo.

Nikautazama ule mstari vizuri.

“Rudia kumpima,” nikamwambia daktari.