Nilivyojifunza Kuimba Kisimani Kigwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilishushwa shimoni kabla sijaambiwa hata jina la bwana wangu. Ilikuwa Gulwe, wakati Wajerumani wanaleta reli kutoka pwani, na garimoshi halitembei bila maji. Nilikuwa nimekwenda kuomba kazi ya kubeba mataruma ya reli kama rafiki zangu. Mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu akanipima mabega kwa macho, akasema, "Huyu mwembamba. Huyu kisima." Nikafungwa kamba kifuani, nikashuka. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niliitimiza methali hiyo kila siku, tena kwa hiari yangu.

Mzungu yule tulimwita Bwana Fundi. Chini yake alikuwako mnyapara, msimamizi wa kikosi chetu, mtu wa pwani aitwaye Feruzi. Alikuwa Mwislamu, hakosi swala hata katika vumbi la Ugogo. Mimi na mke wangu Raheli tulikuwa tumebatizwa misheni. Feruzi alinitania kwamba Wakristo hatujui kutawadha, nami nikamtania kwamba anamwaga maji mahali ambapo sisi tunayatafuta. Tulipatana sana.

Ninyi vijana mna pampu na mashine za kutoboa mwamba, kwa hiyo nivumilieni nikieleza tulivyofanya sisi. Mtu mmoja alikaa chini na sululu na tindo, kile chuma cha kupasulia jiwe. Juu walikaa wanne kwenye roda, gurudumu la kupitishia kamba, wakivuta ndoo za udongo. Kila asubuhi tulishusha taa kwanza. Ikizimika, chini kuna hewa nzito, na hapo mtu hashuki. Maji yakipatikana, Bwana Fundi aliyaonja kwa ulimi wake, maana maji ya magadi huacha ukoko ndani ya tangi la garimoshi na kuliharibu. Baadaye kule Bahi aliyaonja, akatema, akatukana kwa Kijerumani, na kisima kizima tukakifukia.

Na tuliimba. Sisi Wagogo hatujui kuteka maji kimya. Hata tukinywesha ng'ombe kwenye visima vya mchangani, watu hupokezana vibuyu kwa wimbo. Feruzi aliona faida yake, akaifanya sheria ya kazi: aliye chini aimbe, walio juu waitikie. Wimbo ukikatika, vuta kamba. Hapakuwa na njia nyingine ya kujua hali ya mtu aliye gizani. Nyimbo zangu zilikuwa za kanisani, nikizitia mahadhi ya kwetu, na wenzangu ambao hawakubatizwa waliziitikia kwa nguvu kuliko Wakristo wa misheni.

Tukatoka Gulwe tukaenda Kikombo, kisha Dodoma. Msidhani maisha yalikuwa mepesi. Kuchelewa kidogo tu, mtu alilazwa chini akachapwa viboko ishirini na tano, na mimi nililazwa mara moja. Kesho yake niliimba, kwa hasira kidogo, lakini niliimba. Nilikuwa kijana, nina mke mzuri na mtoto wa kiume, Elia, na nilidhani furaha ile ya ujana ndiyo imani yenyewe.

Tulipofika Kigwe surua ikaingia kambini. Elia alikuwa na miaka minne, naye ndiye mtoto wetu wa pekee. Alikufa mikononi mwa mama yake.

Bwana Fundi alinipa siku tatu. "Pole, Yohana," aliniambia. "Reli haingoji." Makaburini, mwalimu wa misheni alipomaliza kuomba, Raheli akaanza kuimba. Aliimba peke yake. Sauti ikikatika, anaanza tena. Ndugu zangu wakatazamana. Kwetu mfiwa haimbi mpaka wazee wamnyoe nywele za msiba. Shangazi yangu akasema, wala hakunong'ona, "Mwanamke huyu hana moyo." Na mimi mumewe, Mungu anisamehe, nilikubaliana naye. Nikarudi kazini bila kumsemesha.

Siku ya nne nilishuka kimya. Nilikuwa nimeapa kwamba sitaimba tena, hata baada ya kunyolewa. Kama Mungu alizipenda nyimbo zangu, mbona hakuniachia mwanangu? Nawaambia hivi ili mjue kwamba mzee mnayemwona akiongoza maombi aliwahi kumgombeza Mungu kutoka chini ya ardhi. Wenzangu kule juu walikuwa Wagogo kama mimi. Waliuheshimu msiba wangu, wakaiacha sheria, wakawa wanavuta ndoo bila neno. Feruzi alikuwa ameitwa kambini.

Asubuhi ile taa iliwaka vizuri. Karibu na adhuhuri tindo langu likafungua ufa, na hewa mbaya ikatoka mwambani bila harufu yoyote. Miguu ikalegea. Nikaketi, nikijiambia napumzika kidogo. Nilipotaka kupiga kelele, sauti haikuja. Juu hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa nilikuwa kimya tangu asubuhi.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Feruzi alirudi, akasimama ukingoni.

"Mbona shimo kimya?"

"Amefiwa, Mnyapara," wakamjibu.

"Najua amefiwa. Yu hai?"

Akaidaka kamba mwenyewe, wakanivuta juu mzima mzima kama gunia la mtama.

Nilipofumbua macho nilikuwa kambini, kichwa changu pajani pa Raheli, naye alikuwa analia. Nikamwuliza lile lililokuwa likinila moyo tangu makaburini: "Uliwezaje kuimba juu ya mtoto wetu?"

"Baba Elia," akasema, "ulidhani niliimba kwa kuwa siumii? Niliumia hata nikasahau maneno ya kuomba. Wimbo tu ndio uliobaki. Nilipouanza nikajua Bwana yupo pale, na Elia yuko kwake. Nikaendelea." Akanifuta vumbi usoni, akasema, "Nilikuwa nakungoja uitikie."

Neno hilo liliniuma kuliko kiboko. Nilikuwa nimemwacha mke wangu aimbe peke yake.

Bwana Fundi alitaka kunipa kazi ya juu, nikakataa. Siku mbili tulishusha na kupandisha fungu la matawi ili kuisukuma ile hewa itoke. Taa ilipokubali, Feruzi akanifunga kamba. "Bila wimbo hushuki," akaniambia. "Mambo ya dini yako mimi simo. Sitaki kukuzika tu." Raheli akaja akasimama pale rodani, mahali ambapo wanawake hawakuwa wakifika, na hakuna aliyemfukuza.

Nikaanza. Sauti ilikuwa nzito na mbovu, na katikati ya ubeti kilio kikanishinda. Nikaona kamba inakaza, wananivuta. Ndipo Raheli akaitikia kutoka juu, na kamba ikalegea. Nikamalizia ubeti, nikaanza mwingine. Machozi yalikuwa yakitiririka, mwanangu alikuwa kaburini, na nilikuwa na furaha, furaha ambayo sikuwa nayo hata siku ya arusi yangu. Nilijua Bwana yu pamoja nami mle shimoni. Siku kumi na moja baadaye maji yakatoka, matamu, na Bwana Fundi aliyaonja mara mbili.

Kisha vita vikaja, Bwana Fundi akaondoka na Wajerumani wenzake, ikafuata njaa, tukazika wengine. Nilichimba mpaka magoti yakakataa. Sasa nakaa nyumbani, nawasumbua wajukuu kwa hadithi.

Mnaniuliza kama uchungu ule uliisha. Haukuisha, na akija mtu kuwaambia huisha, mpeni kiti na maji ya kunywa, lakini msimwamini. Jumapili iliyopita alibatizwa mtoto kanisani kwetu, wakamwita Elia. Nilitoka nje, nikaegemea ukuta, nikalia kwa kwikwi mbele ya kuku wa mchungaji. Ndani wimbo ukaanza. Raheli siku hizi haoni, ila alijua kwamba kiti changu ki kitupu. Nilimsikia akiuongoza ubeti wa kwanza kwa sauti yake ya kizee, kisha akanyamaza, na kanisa zima likanyamaza pamoja naye, wakingoja.

Nikaitikia kutoka kule nje, kisha nikaingia.